Mjadala: Shule za Mombasa ziendelee, au watoto warudi nyumbani?

Mzazi wa Kisauni (mwanzisha mada)

Jamani, tuliongee hili bila kutukanana. Jumatano tarehe 4 Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta amelihutubia taifa. Kafyu sasa ni saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, mikutano ya siasa imesimamishwa siku 60, na watoto waliobaki majumbani warudi shule Januari 2021. Katika hotuba hiyo hiyo katuambia kwamba Septemba, kati ya kila watu 100 waliopimwa, wanne ndio waliopatikana na virusi vya corona. Sasa ni 16. Oktoba pekee imetuletea wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 na vifo vipatavyo 300.

Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba. Mwezi haukuisha, shule mbili za sekondari papa hapa mjini zikafungwa baada ya walimu kupatikana na corona. Tangu siku hiyo kila barza ni hilo tu: zifungwe zote, zisifungwe.

Mimi nina binti kidato cha 4, na mvulana wa darasa la 6 ambaye tangu shule zifungwe Machi anazunguka na mpira. Msimamo wangu nausema mapema: zisifungwe. Lakini kuna kitu tunanyimwa, nacho ndicho kinachotutia wazimu. Wizara ya Afya kila jioni hutusomea hesabu kwa kaunti, tena hata kwa kaunti ndogo: Mvita wangapi, Nyali wangapi, Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni wangapi. Hapo inakatika. Kisauni ni watu chungu nzima, kuanzia Mjambere hadi Shanzu. Sasa nikiambiwa "Kisauni watatu" nifanye nini nayo?

Habari za shule tunazipata kwa sauti za WhatsApp, mtu ananong'ona kama anayeibia jirani. Juzi ikavuma kwamba shuleni kwa binti yangu kuna mwalimu mgonjwa. Wazazi wengi wakawazuia watoto wao. Nikampigia mkuu wa shule, akaniambia "tunafuata maagizo ya wizara". Nikamuuliza ni kweli au si kweli, akanirudishia maneno yale yale. Wiki nzima darasa likawa na pengo, watoto wa mtihani wa Machi hao. Kama ni uongo, tumepoteza wiki bure. Kama ni kweli, waliobaki darasani walikaa na nani?

Haya, semeni.

Mwalimu wa sekondari, Changamwe

Mzazi, hoja yako naielewa, lakini njoo kwanza uone tunakofundishia.

Langoni kuna tangi la maji na askari mwenye kile kipimajoto cha kuelekezea kwenye kipaji. Asubuhi moja kimenisomea nyuzi 32. Mtu wa nyuzi 32 anapelekwa hospitali, hapelekwi darasani, lakini askari aliandika kwenye daftari, akaniambia "pita mwalimu". Sabuni hudumu mpaka mapumziko ya saa nne. Barakoa watoto wanazo, ndiyo, za kitambaa, ile moja tangu Jumatatu. Nimewaona kwa macho yangu wakibadilishana langoni: aliyepita anairusha juu ya ukuta kwa mwenzake aliyesahau yake.

Sasa hivi nina kidato cha 4 peke yao, nimewagawa madarasa mawili na bado wanabanana. Januari wakirudi wote, hayo madarasa ya ziada yanarudi kwa wenyewe. Waziri wa Elimu Magoha mwenyewe amekiri umbali hautawezekana kila mahali, tutegemee barakoa na kunawa, na pasipo na nafasi tufundishe chini ya miti. Mti gani Changamwe? Uwanja wetu una mwarobaini mmoja na malori yanapita nje ya ukuta usiku na mchana.

Mimi nina sukari. Mke wangu ana pumu. Mkisema "shule zisifungwe", mjue mnaniambia mimi niingie.

Mama wa Likoni

Pole mwalimu, Mungu akulinde wewe na mkeo. Lakini acha nami nikuulize: nyumbani unakotaka watoto warudi, umeshapaona?

Kwetu asubuhi nenda kivukoni. Watu wanamwagika kwenye feri, bega kwa bega, jasho kwa jasho, na hakuna wa kukupima hata nyuzi hizo 32. Mwezi wa Machi kafyu ilipoanza tulipigwa virungu pale pale, tukasukumwa tukalala chini kifudifudi mamia kwa mamia, eti tunalindwa na corona. Watoto wa shule ndio hao hao wanaouza karanga na maji kwenye foleni ya magari. Hawakuwa nyumbani hata siku moja, mwalimu. Walikuwa barabarani.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha 2, au tuseme alikuwa. Alianza kuwa utingo wa matatu Juni, kwanza wikendi, kisha kila siku. Sasa analeta shilingi mia tatu nyumbani na hakuna mtu mle ndani mwenye ubavu wa kumwambia aache. Januari atarudi? Mimi nasema harudi. Na kwa wasichana sitaki hata kuanza, kila mtu hapa anajua nyumba mbili tatu mtaani kwake.

Ile Julai walipotangaza kwamba mwaka umepotea na kila mtoto atarudia darasa, wenye nacho walinunulia watoto wao vifurushi vya intaneti na kuwaitia walimu nyumbani. Sisi tukaambiwa kuna masomo redioni. Redio ni moja, na baba anasikiliza mpira.

Kijana wa Tanga

Wakenya mnajitesa. Huku kwetu shule zilifungwa Machi 17, kidato cha 6 na vyuo wakarudi Juni mosi, waliobaki wote Juni 29. Sasa ni Novemba, wamesoma, mitihani wanafanya, soko la Mgandini limejaa kama kawaida. Nina shangazi Mombasa kila siku ananipigia kulia. Hofu yenyewe ni ugonjwa.

Muuguzi

Kaka wa Tanga, karibu, ila usije na hilo hapa. Mara ya mwisho nchi yenu kutoa hesabu ilikuwa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mtu aliyezima taa hawezi kutuapia kwamba chumbani hamna nyoka. Huenda mko salama, huenda mnazika mkisema nimonia, na wewe mwenyewe huna namna ya kujua. Ukitaka mfano wa jirani, Uganda waliwarudisha watahiniwa tu, tarehe 15 Oktoba, na hesabu wanaendelea kutoa.

Nirudi kwa mwanzisha mada. Nakuunga mkono nusu.

Watoto wengi wakiambukizwa hawaumwi sana, hilo wodini tunaliona. Mtoto anakohoa siku mbili, anapona, anarudi kucheza. Anayelazwa kwenye oksijeni ni mwalimu kama huyu wa Changamwe, au nyanya anayelala chumba kimoja na wajukuu wanne Majengo. Kwa hiyo swali la shule ni swali la watu wazima wanaowazunguka watoto. Na walimu wagonjwa wa shule hizo mbili zilizofungwa, hakuna ajuaye kama waliupatia darasani. Wanapanda matatu, wanakwenda harusi, wanakwenda mazishi. Oktoba yote wanasiasa wametembea na umati bila barakoa, huku wakibishana BBI, ule mpango wa kubadili katiba, na mikokoteni anayogawa Naibu Rais Ruto, na hakuna aliyewafunga.

Nusu nisiyokubaliana nawe ni hii ya kutangaza. Umesahau Mei? Mji wa Kale ulipofungwa, tulikwenda na vifaa kuwapima watu bure, tukakuta milango imefungwa. Walikuwa na sababu. Jirani akipatikana, anachukuliwa na gari lenye watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, mtaa wote nje unatazama, simu zinarekodi. Kisha anapelekwa karantini, na miezi ya mwanzo kulikuwa na karantini mtu anatozwa shilingi elfu mbili kwa siku. Nani atajitokeza kwa hayo? Ukitangaza "shule fulani ina mgonjwa", kesho mtoto wa mwalimu anaitwa Corona. Mwalimu mwingine mwenye kikohozi akiona hivyo, ananunua dawa ya kifua dukani na kuingia darasani kimya kimya. Utakuwa umepata ulichokimbia.

Mwalimu wa akademi, zamani

Naomba kusema kwa niaba ya wale ambao hakuna anayewataja. Shule za binafsi zisipopata karo hazilipi mshahara, na mimi tangu Machi sijaona hata shilingi. Mwenzangu wa serikali, wewe una haki ya kuogopa, lakini mwisho wa mwezi TSC, tume inayowaajiri walimu wa serikali, inakukumbuka. Mimi nauza mitumba soko la Kongowea. Wanafunzi wangu wawili wamenikuta pale, wakanisalimia "shikamoo mwalimu" mbele ya wateja. Jengo letu mwenyewe amelipangisha, sasa ni ghala la mchele. Hata Januari zikifunguliwa, mimi na watoto 180 hatuna pa kurudi. Hao 180 watakwenda wapi? Watakwenda kwa mwalimu wa Changamwe, kwenye lile darasa ambalo tayari halina nafasi. Wizara imeipigia hesabu hiyo?

Mwalimu wa sekondari, Changamwe

Kaka, pole. Sikuwa nalifikiria hilo la shule zilizokufa. Na TSC inanikumbuka kweli, sibishi.

Lakini msinigeuze adui wa watoto. Sikusema zifungwe mpaka dunia ipone. Nasema wasirudi wote siku moja. Kwa nini mvulana wa darasa la 6 na wa gredi ya 1 waingie Januari asubuhi ile ile? Wengine waje asubuhi, wengine mchana. Au siku kwa siku. Na mwalimu mwenye maradhi apewe kazi isiyo ya darasani, kwa maandishi, si kwa huruma ya mkuu wa shule.

Mzazi wa Kisauni

Zamu naikubali kwa wadogo. Ila mama ntilie na mfanyakazi wa bandari, mtoto akiwa wa zamu ya mchana asubuhi anamwacha na nani? Kule kule barabarani alikokusema mama wa Likoni.

Muuguzi, umenibana kwenye la unyanyapaa, na sina jibu la mkato. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini najua pia anayetangazwa huumbuka kabla ya kifo. Ila tazama lililotokea shuleni kwetu. Hakuna aliyetangaza chochote, na bado kuna mwalimu mmoja, wa kike, ambaye watoto sasa wanamkimbia. Labda hana kitu, labda alikwenda kwao kuzika. Kimya hakikumlinda. Kilichukua jina lake kikalitupa kwa wanong'onaji. Sitaki jina la mtu. Nataka mkuu wa shule awaandikie wazazi wa shule ile, wao tu: tumepata wagonjwa wangapi, madarasa gani walikuwa karibu nao, wanaotakiwa kubaki nyumbani siku 14 ni akina nani, wengine waje. Mistari minne. Hivi leo mzazi ana njia mbili tu, kumpeleka mtoto bila kujua lolote, au kumficha bila kujua lolote.

Muuguzi

Kwa wazazi wa shule hiyo tu, bila jina, sawa. Hapo nimekukubalia. Lakini mistari hiyo minne inahitaji majibu ya vipimo, na sasa hivi majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa. Mkuu wa shule ataandika nini wakati huo? "Tunasubiri"?

Mzazi wa Kisauni

Aandike "tunasubiri". Nitamheshimu zaidi kuliko "maagizo ya wizara".

Mama wa Likoni

Na hivyo vipimo nani analipa? Msije mkatuambia kila mzazi atoe, kama ile pesa ya tangi la maji ambayo mpaka leo tangi sijaliona.

Mwalimu wa akademi, zamani

Tangi lipo mama, liko nyumbani kwa mwenyekiti wa bodi.

Mzazi wa Kisauni

Jamani, msinifungie mada kwa tangi! Shuleni kwetu kuna mkutano wa wazazi Ijumaa, barakoa lazima, mzazi mmoja kwa kila mtoto. Nitauliza mawili: barua kwa wazazi mgonjwa akipatikana, na walimu wenye maradhi wamepangiwa kazi gani. Mwenye la tatu aniandikie kabla ya Alhamisi.

Mwalimu wa sekondari, Changamwe

La tatu: kipimajoto kinachosoma nyuzi 32, nani anakirekebisha.