Mnamwandikia mgonjwa wa sonona fenelzini halafu hamumuulizi anakula nini nyumbani kwake?

Wakuu, hasira niliyonayo leo siifichi. Dada yangu anaishi Uingereza, sonona imemsumbua miaka. Fluoksetini na nyingine za kawaida ziligoma, wakamwandikia fenelzini. Ni dawa ya zamani, ya kundi la MAOI (dawa zinazozuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi), na ina miiko mikali ya chakula. Miiko yenyewe alipewaje? Kikaratasi! Jibini iliyokomaa, Marmite (ile ya hamira ya kupaka mkate), salami (soseji kavu), bia ya pipa. Vitu ambavyo havijawahi kuingia jikoni kwake. Akaona hayamhusu, akaendelea na ng'onda wa duka la Waafrika na kiporo cha maini.

Kisogo kikaanza kumgonga, moyo mbio, jasho, shingo ikakakamaa. Presha 210 kwa 120. Na pale dharura mtu mzima akathubutu kumwambia ni wasiwasi tu, eti kwa sababu faili lake lina neno sonona! Angekuwa mgonjwa wa figo wangemjibu hivyo? Aliyemwokoa ni daktari kijana aliyeuliza anatumia dawa gani na amekula nini.

Kinacholeta balaa ni kemikali ya kwenye chakula iitwayo tairamini. Inazidi kwenye vyakula vyenye protini vikichachuka, vikikaushwa au vikilala. Kwa kawaida kuna kimeng'enya kwenye utumbo na ini kinachoivunja. Fenelzini inakizuia, tairamini inaingia kwenye damu, inafyatua noradrenalini (homoni inayobana mishipa ya damu), presha inapaa. Miligramu 6 tu zinaweza kuleta dalili. 10 hadi 25 zinaweza kumfikisha mtu kwenye kiharusi.

Hili lilijulikana huko huko Uingereza mwaka 1963! Mfamasia wa Nottingham aliona mkewe, aliyekuwa anatumia dawa ya MAOI, anaumwa kichwa akila jibini, na daktari Barry Blackwell akalifuatilia na kuliandika kwenye jarida la Lancet. Zaidi ya miaka 60, na bado mtu anayekula samaki mkavu anapewa orodha ya jikoni kwa Mzungu.

Mwenye ndugu anayetumia fenelzini au tranilsipromini (MAOI nyingine), tafadhali: nyama na samaki viwe freshi, viliwe siku hiyo hiyo. Kiporo hapana, papa mkavu na ng'onda hapana, sosi ya soya hapana, pombe za kienyeji hapana. Dawa za mafua za kujinunulia aulize kwanza. Akiacha dawa, miiko inaendelea wiki 2. Asiache mwenyewe kwa woga, aongee na daktari wake. Wa fluoksetini na amitriptilini msitishike, mwiko huu wa tairamini si wenu, ila pombe kaeni nayo mbali.

Tumewaandikia kliniki. Wamejibu kwamba "mgonjwa alipewa kipeperushi." Basi! Hakuna pole, hakuna kusema watabadilisha nini. Kama humu kuna mfamasia au daktari wa akili aliyefanya kazi Uingereza, naomba aniambie malalamiko yanapandishwa wapi baada ya jibu kama hilo.