Kutoka Cessna 172 kwenda Caravan, kuwasha injini kunatofautianaje?

Rubani_mtarajiwa: Wakuu habari za mchana. Nimejifunzia Cessna 172, sasa kuna sehemu nimeitwa kwenye Caravan na naambiwa huko kuwasha injini ni habari nyingine kabisa. Wenye uzoefu, niogope nini hasa? Waliogusa ndege kubwa nao watie neno.

Baba_Propela: Hongera mkuu. 172 ni pistoni, unatia mafuta kidogo, unageuza funguo, ikikohoa unaibembeleza na ile nobu nyekundu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa mpaka ishike. Ukiifurisha mafuta unasubiri unajaribu tena, hakuna wa kukufukuza kazi. Caravan ina injini ya PT6, turbini, haibembelezwi. Angalia batri kwanza, volti zikiwa chini ya 24 omba umeme wa nje. Washa staata, mkono uwe kwenye liva ya mafuta ila USISOGEZE, subiri Ng (kasi ya mzunguko wa kompresa) ifike angalau asilimia 12 itulie ndo uachie mafuta. Hapo macho yote kwenye ITT (joto la gesi ndani ya turbini), inapanda fasta, na mwisho wake ni nyuzi 1090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Ukiwahi kumwaga mafuta hewa ya kupooza inakuwa haitoshi, moto unakula bledi za turbini na bili yake hutaisahau. Ng ikifika asilimia 52 zima staata. Na usishtuke propela ikichelewa kuzunguka, haijaungwa moja kwa moja na sehemu inayozungushwa na staata.

Mama_Wawili: Mi nilijua ndege inawashwa kama Vitz 😂

Baba_Propela: Kwa 172 hujakosea sana dada, funguo ipo kweli

Mlinda_Geji: 737 hapa. Staata yetu inazungushwa na upepo, mara nyingi wa APU (injini ndogo ya ziada) kule mkiani, so unazima viyoyozi kwanza upepo wote uende kwenye injini. N2 (kasi ya shafti ya ndani ya injini) ikifika asilimia 25 unapandisha liva ya mafuta. A320 ndo raha, unazungusha swichi, unawasha swichi ya masta ya injini, kompyuta inamaliza, na mkiwa ardhini joto likizidi inakata mafuta yenyewe. Ila mleta mada usiitamani mapema, kwenye Caravan wa kukata mafuta ni wewe.

Rubani_mtarajiwa: Shukrani wakuu, madini haya. Nikiachia mafuta na ITT isipande je?

Baba_Propela: Sekunde 10 zikipita kimya rudisha liva ukate mafuta, kisha fuata chekilisti uizungushe kavu (kwa staata bila kutia mafuta) yaliyobaki yatoke, usije ukawasha juu ya mafuta yaliyolala mle ndani. Na staata haiendi zaidi ya sekunde 30 mfululizo, unaipumzisha dakika 1.