Ulinganisho: baiskeli nyeusi ya foko iliyopinda au ya milimani yenye foko iliyonyooka, ipi ibebe maziwa?

Mbeba Maziwa, Tororo

Salaam, ndugu zangu. Kila alfajiri mimi hubeba mikebe miwili ya maziwa, kila mmoja wa lita 20, kutoka kijijini hadi mjini. Safari ni ya kilomita 14, na karibu 9 kati ya hizo ni changarawe yenye matuta madogo madogo yanayotikisa meno. Baiskeli yangu imechoka, nami nimebakiwa na mbili za kuchagua. Moja ni ile nyeusi tunayoijua sote, yenye mabomba mawili ya juu na foko (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) iliyopinda sana kwenda mbele. Nyingine ni mtumba wa baiskeli ya milimani, ya chuma, yenye foko iliyonyooka isiyo na springi. Muuzaji anaapa kwamba foko iliyonyooka ndiyo imara, na mjomba wangu anashikilia kwamba foko iliyopinda ni springi tosha. Ninaomba mnilinganishie utulivu wa usukani na nafuu ya mwili, baiskeli ikiwa na mzigo.

Fundi wa Mpakani, Busia

Dada, hao wawili wanaitazama foko peke yake, ilhali foko haisomeki bila shingo ya fremu, yaani lile bomba fupi la mbele lililoinama, linaloishika. Kazi kubwa ya ule mpindo ni kuisogeza ekseli ya mbele itangulie mstari wa shingo. Foko iliyonyooka hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe huwa imeinamishwa tangu juu, pale miguu yake miwili inapoungana.

Chukua uzi, uunyooshe sambamba na shingo mpaka ardhini, kisha utie alama ya chaki. Utaona kwamba uzi unagusa chini mbele ya pale tairi linapokanyaga. Nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili mimi huiita mkia, kwa kuwa tairi huburutwa nyuma ya ile chaki kama mkia. Mkia ukiwa mfupi, usukani huwa mwepesi hata wa kuyumba. Ukiwa mrefu, baiskeli hushika njia yake kwa kasi, lakini ukienda polepole usukani huwa mzito na hupenda kuangukia upande.

Baiskeli nyeusi ambayo ninayo hapa karakanani ina shingo iliyolala, kama digrii 68 kutoka ardhini, na foko yake imeisogeza ekseli mbele kwa milimita 75, hivyo mkia wake unafika milimita 60 na kitu. Baiskeli nyingi za zamani za milimani zina shingo iliyosimama zaidi, takriban digrii 71, na foko inayoisogeza ekseli mbele milimita 40 hivi, na mkia hukaribia 70. Kwa hiyo, pamoja na tofauti yote inayoonekana kwa macho, mikono yako haitaona tofauti kubwa. Matata huanza foko ya fremu moja inapotiwa katika fremu nyingine, au mpindo unapopungua kwa kugonga shimo. Baiskeli nyeusi ambayo mpindo wake umebaki milimita 45 hufikisha mkia wa 95, na hapo mwenye mzigo atashindana na usukani kila anapopanda kilima.

Mwalimu wa Sayansi, Arua

Ninaunga mkono maelezo ya Mzee Fundi. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha majaribio yake ya kutengeneza baiskeli isiyopandika. Katika mojawapo aliigeuza foko ikatazama nyuma, jambo lililourefusha sana huo mkia. Baiskeli ile, iliposukumwa bila mtu, ilijisimamia kwa namna ya kushangaza, ingawa mpandaji aliiona nzito kuigeuza. Tusidhani, basi, kwamba utulivu ukizidi ndio wema.

Mpanda Vilima, Kabale

Mmesahau mwili wa dada yetu. Chuma cha foko, kiwe kimepinda au kimenyooka, hunepa kidogo mno. Kinachomeza matuta ni hewa iliyo ndani ya tairi. Baiskeli nyeusi ina tairi la milimita 40 hivi, na ile ya milimani hubeba hata zaidi ya 50, ambalo unaweza kulipunguza upepo kidogo bila rimu kugonga mawe. Springi za kiti cha baiskeli nyeusi husaidia makalio tu. Viganja havipati kitu. Mimi ningechukua ya milimani bila kusita.

Fundi wa Mpakani, Busia

Kuhusu tairi umesema kweli, kaka, wala sibishani. Lakini umeitazama sehemu ya mbele na kuiacha ya nyuma. Kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya nyuma, baiskeli ya milimani ina milimita 425 hivi, na nyeusi hukaribia 475. Sentimita hizo tano ndizo nafasi ya kisigino. Ukininginiza mikebe ubavuni mwa keria fupi, visigino vitaigonga, nawe utalazimika kuirudisha nyuma ya ekseli. Kilo 40 na zaidi zikikaa huko huinua sehemu ya mbele, tairi la mbele hukanyaga kijuujuu, na usukani huanza kutetemeka kwenye mteremko, hata mkia uwe mzuri namna gani. Hapa Busia, ambako jina la boda boda lilianzia kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani mwa Uganda na Kenya miaka ya 1960, abiria aliketi juu ya ekseli, na ule urefu wa nyuma ndio uliomruhusu.

Mbeba Maziwa, Tororo

Nimerudi kwa muuzaji na mikebe mitupu. Kwenye baiskeli ya milimani kisigino changu cha kulia kiligonga mkebe kila mzunguko, mpaka nilipousogeza nyuma kwa upana wa kiganja. Kwenye nyeusi mguu ulipita, ukabaki upenyo wa vidole viwili. Nitachukua nyeusi, ijapokuwa ninasikitikia yale matairi manene. Je, Mzee, nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Fundi wa Mpakani, Busia

Pitisha kidole chini ya mabomba ya fremu, nyuma kidogo ya shingo. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka hapo, iache, kwa maana imekwisha kugonga. Kisha simama ubavuni, funga jicho moja, utazame miguu ya foko: kipande cha juu, kabla ya mpindo, kifuate mstari wa shingo. Kikiwa kimerudi nyuma, muuzaji asikuambie kwamba atakinyoosha kwa bomba. Adai bei ya fremu peke yake, na foko nyingine ya aina hiyo hiyo uinunue wewe.