Gari limeitwa kurekebishwa vyuma vya ISOFIX: tufunge viti vya watoto kwa mkanda, tuhamishe au tusubiri?

Mama Wawili
Wadau, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla sijaamua. Kampuni iliyotengeneza gari letu imetangaza kuyaita magari ya toleo hili yarudi kurekebishwa. Tatizo ni vile vyuma viwili vya ISOFIX, yaani vya kunasia kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari, vilivyojificha kwenye upenyo kati ya kalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Barua inasema kwenye baadhi ya magari vilichomelewa vibaya na vinaweza kung'oka gari likigonga. Matengenezo ni bure, lakini vipuri bado, tumeambiwa tusubiri.

Mdogo ana miezi 9, anakaa kwenye kibebeo kinachoangalia nyuma, juu ya besi ya ISOFIX, yaani kitako kinachonaswa kwenye vyuma hivyo. Mkubwa ana miaka 3, kiti chake kinaangalia mbele. Naona njia nne: kuendelea kama kawaida, maana alama ya kijani ya kuonyesha kiti kimenasa inaonekana na baba yao amekivuta kiti kwa nguvu zake zote hakikutikisika, kufunga viti kwa mkanda wa gari, kumhamishia mmoja katikati, au kutowapakia kabisa hadi gari litengenezwe. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Fundi Bodi
Dada, hiyo ya kwanza ifute. Alama ya kijani inakwambia kitu kimoja tu: taya za kiti zimeuma chuma. Haijui chuma chenyewe kimeshikwa na nini kule nyuma. Weldi ikiwa na ufa, alama itabaki kijani mpaka siku ya ajali.

Na kuvuta kwa mkono si kipimo. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vyuma hivyo hujaribiwa kwa kuvutwa kwenda mbele kwa nguvu ya nyutoni 8,000, yaani kama kuning'iniza mzigo wa kilo 800 hivi. Nimewahi kufungua viti vya nyuma nikakuta weldi imevimba vizuri, rangi imekaa, ukiigonga kwa patasi inabanduka yote kwa sababu haikuingia kwenye bamba. Kwa macho usingejua.

Baba Zai
Nakubaliana na fundi kuhusu kijani, ila mkanda nao unanitia wasiwasi. ISOFIX ililetwa kwa sababu wazazi wengi walikuwa wanakosea kufunga kwa mkanda. Weldi mbaya iko kwenye baadhi ya magari, makosa ya mkanda yako kwa watu wengi. Tusimtoe mama kwenye hatari moja tukamwingiza kwenye nyingine.

Shangazi Mikanda
Baba Zai, hilo la makosa ni kweli, nafundisha wazazi kufunga viti na nayaona kila siku. Lakini kosa la mkanda unaliona na kulirekebisha hapo hapo. Weldi huwezi. Kiti kilichofungwa sawasawa kwa mkanda kinamlinda mtoto vizuri kama cha ISOFIX; kinachoizidishia ISOFIX sifa ni wepesi wa kufunga bila kukosea.

Mama Wawili, anza na kitabu cha kila kiti, maana viko viti vya ISOFIX tu ambavyo havikubali mkanda. Kibebeo cha mdogo kwa kawaida hutoka kwenye besi na kufungwa chenyewe: mkanda wa kiunoni unapita kwenye ndoano mbili za ubavuni, wa begani unazunguka nyuma ya mgongo wa kibebeo. Fuata alama za buluu, ndizo za kuangalia nyuma. Nyekundu ni za kuangalia mbele. Na usimpeleke kiti cha mbele ikiwa mfuko wa hewa haujazimwa.

Cha mkubwa, pitisha mkanda bila kuusokota, weka goti ndani ya kiti ukigandamize, vuta mkanda wa begani hadi ulegevu uishe, kisha funga kibano cha kiti kinachoubana mkanda, kama kipo. Halafu shika pale mkanda unapopita, utikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Tazama pia kifungio cha mkanda kisilalie ukingo wa plastiki wa kiti. Kikikaa hivyo, kwenye ajali kinaweza kuvunjika au kufunguka. Hili watu hulipita bila kulitazama, na ndilo la kwanza ninaloliangalia.

Msifunge mkanda na ISOFIX kwa pamoja mkidhani ni ulinzi maradufu, isipokuwa kitabu cha kiti kimeruhusu.

Msafiri
Kuhusu katikati: kama hakuna vyuma vyake, siwezi kuchukua kimoja cha ndani kutoka kushoto na kimoja kutoka kulia?

Fundi Bodi
Hapana, labda kitabu cha gari na cha kiti vyote viwili viruhusu. Umbali wa kawaida ni milimita 280 kutoka kitovu cha chuma kimoja hadi kingine, na vile vya ndani mara nyingi vimepishana zaidi ya hapo. Isitoshe, hivyo unavyotaka kuviazima ndivyo vilivyotiliwa shaka kwenye barua. Katikati ni pazuri kama pana mkanda wa pointi tatu, yaani wa kiunoni na begani, na kiti kinatulia bila kuegama. Magari mengi ya zamani pale yana mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vya watoto haviutaki huo.

Kijana wa Gereji
Mbona mnazunguka? Weldi ni kazi ndogo. Apeleke gereji wafungue kiti, wachome upya, mambo yaishe.

Fundi Bodi
Kijana, usiguse hapo. Bamba la sehemu hiyo mara nyingi ni chuma cha nguvu maalumu, joto usilolipima linakidhoofisha. Tangi la mafuta kwenye magari mengi liko chini ya kiti hicho hicho. Na ukishachoma, kampuni inaweza kukataa kuligusa gari kwa kuwa si kazi yao tena. Tunamfungia mtoto pale. Weldi ambayo hakuna aliyeijaribu kwa ile nguvu ya nyutoni 8,000 siwezi kumpa mtu.

Mzee Chesisi
Mama, hakikisha kwanza kama gari lako limo. Mwito wa namna hii mara nyingi unahusu magari yaliyounganishwa kipindi fulani, si toleo zima. Tafuta kwa namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni. Gari la soko la Marekani au Ulaya lina namba ya herufi na tarakimu 17. Lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi zaidi, na mtafuto wa Marekani hautaitambua. Hilo litafutwe kwenye orodha ya Japani. Kutolipata mahali pasipo pake si kwamba liko salama.

Bibi Mwenye Wajukuu
Nami niulize, wanangu. Mjukuu wangu ana miaka 7, anatumia busta, kile kiti cha kumwinua mtoto mkanda wa gari umkae sawa, yenye ISOFIX. Naye asipande?

Shangazi Mikanda
Shikamoo bibi. Apande tu. Kwenye busta mtoto anashikwa na mkanda wa gari wenyewe. ISOFIX inazuia busta isihamehame. Ichomoe, mfunge mkanda wake kama kawaida, wa kiunoni ukae chini kwenye nyonga. Akishashuka, busta ifungwe mkanda ili isiruke gari likikanyaga breki.

Mama Wawili
Asanteni sana. Namba yetu imo. Nimesoma barua tena: ni vyuma vya chini peke yake, kile cha nyuma ya kiti cha gari, kinachofungiwa mkanda wa juu unaotoka kwenye mgongo wa kiti cha mtoto, hakikutajwa. Kibebeo kinakubali mkanda. Cha mkubwa hapana, kitabu kinasema ISOFIX na mkanda wa juu, basi. Je, nikifunga ule wa juu pamoja na mkanda wa gari?

Shangazi Mikanda
Hapana mama, kiti hicho hakina njia ya mkanda wa gari, ukilazimisha utapita mahali ambapo plastiki haikutengenezwa kubeba. Ule wa juu kazi yake ni kupunguza kichwa kwenda mbele, hauwezi kushika kiti kizima. Kwa mkubwa tafuta kiti kingine kinachofungwa kwa mkanda, na kama nacho kina mkanda wa juu, ufunge kwenye chuma kile kizima. Kiti cha kuazima kichukue kwa mtu unayemjua, kiwe hakijawahi kupata ajali, kibandiko cha kanuni kipo, na kitabu chake kipo. Mpaka hapo mkubwa asipande gari hilo, na asipakatwe.

Mama Wawili
Dada yangu anacho cha hivyo, mwanawe alikitumia tangu kipya. Nitakifuata. Mdogo atakwenda na mkanda.

Fundi Bodi
Vipuri vikifika, usiondoke na maneno matupu. Omba karatasi yenye namba ya chesisi, namba ya mwito na kazi iliyofanyika, halafu uitafute tena namba yako mtandaoni. Zikipita siku na bado inaonyesha haijatengenezwa, wapigie, na endelea na mkanda.