AMEKULA PWEZA WETU SAHANI MBILI, KISHA AKASEMA UYOMBO HAKUNA KITU!

Mwana wa Mida
Wakuu, nimetoka barazani sasa hivi, mikono yanitetemeka. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule ambaye gari lake hufika saa nne lakini tumbo lake limeshafika tangu saa tatu.

Leo kaja tena na hadithi yake ya mtambo wa nyuklia, eti ujengwe hapa kwetu Uyombo, Kilifi. Mamangu kaamka alfajiri, maji ya bamvua yametoka, kaenda mwambani na kijiti kuchokoa pweza. Kampigapiga juu ya jiwe mpaka kalainika, kampika kwa tui zito, maana mgeni ni mgeni hata akija kukuhamisha. Bwana akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Tui la mwisho akalipangusa kwa tonge la sima. Halafu, mashavu yamefura kama bunju, akanyoosha kidole kwenye mikoko: "Lakini pale si hakuna kitu? Ni kichaka tu."

HAKUNA KITU! Na mkono wa pweza ungali waning'inia mdomoni! Huyo pweza katoka wapi, posta?

Mamangu hakusema neno. Alichukua ile sahani akaisuuza. Akaisuuza tena. Akaisuuza mara ya tatu. Namjua mamangu.

Hiyo "hakuna kitu" ni hori ya Mida, ni ufuo ambao kasa hupanda kutaga, na jirani yake hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968. Mtambo wa megawati 1,000 wavuta maji ya bahari kujipoza na kuyarudisha yana joto. Mzee mmoja kamkumbusha 1998, bahari ilipopata joto matumbawe yakageuka meupe kama mifupa. Jibu lake? "Chai ipo?"

Sahani mbili wakuu. MBILI.

Kisiki cha Mkoko
Mbili tu? Kwetu alikula tatu akaondoka na madafu garini.

Bibi wa Gede
Mwanangu, kosa ni lenu. Mgeni wa namna hiyo hupewa uji. Tena usio na sukari.

Fundi Stima
Wewe si ndiye uliyenipigia juzi ukilia simu haina chaji, stima imepotea? Leo hutaki mtambo. Chagua moja.

Mwana wa Mida
Stima naitaka, Fundi. Jua la hapa lakausha papa kwa siku moja, waje walitumie hilo. Na hujanijibu: pale hakuna kitu?

Mtoto wa Amu
Poleni ndugu zetu. Isi Amu (Lamu) mtambo wa makaa ya mawe twaliupinga mpaka mahakama ya mazingira ikafuta leseni Juni 2019, megawati 1,050 zikaenda na maji. Lakini bandari nayo? 2018 Mahakama Kuu ilisema wavuvi walipwe fidia ya bilioni 1.76. Babangu hata yeo akisikia neno fidia hushika fimbo. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa uzi, si pweza.

Kisiki cha Mkoko
@Mtoto wa Amu fungua wako basi.

Msomaji Malindi
Wangapi wanaijua rasi ya Bodega Head kule California? Kampuni ya umeme ilishaanza kuchimba shimo la mtambo wa nyuklia pale pale kwenye rasi, karibu na ufa wa San Andreas wa matetemeko. Mwaka 1963 wapinzani wakarusha mabaluni zaidi ya 1,000 kuonyesha upepo ungepeleka wapi sumu. 1964 kampuni ikaacha mradi. Shimo sasa ni bwawa.

Fundi Stima
Mabaluni nani atanunua? Wewe?

Saluni ya Barani
Mkitaja stima mwanikumbusha jana. Imepotea nikiwa na mteja chini ya draya, nusu ya kichwa kimekauka na nusu kimelowa. Kaondoka bila kulipa!

Bwana Ngalawa
Si nasikia siku hizi wenye mtambo macho yao yapo Siaya?

Mwana wa Mida
Macho yao yapo Siaya, tumbo lipo Uyombo. WAKUU TURUDI KWENYE MADA. Kasema hakuna kitu huku anatafuna!

Bibi wa Gede
Huyo pweza mama alimtia ndimu kabla ya tui au baada?

Saluni ya Barani
Kabla. Baadaye tui hukatika.

Mtoto wa Amu
Pweza wa tui na ndimu wapi na wapi? Hutiwa ukwaju.

Kisiki cha Mkoko
Ukwaju ni wa samaki wa kuchoma, msituharibie pweza.

Fundi Stima
Kwani huko Uyombo kilo ya pweza ni pesa ngapi sasa?