Naomba ushauri: marisau ya chuma kwa fezanti wa South Dakota

Salaam ndugu wawindaji. Nawaomba mnaowinda fezanti (ndege wa porini wa jamii ya kuku) mnisaidie; mimi nawinda South Dakota, Marekani.

Sehemu nyingi za ardhi ya umma hapa haziruhusu marisau (vipira vidogo vya bunduki) ya risasi, yaani madini ya ledi, kwa hiyo natumia ya chuma: bunduki ya geji 12, katriji ya inchi 2¾, gramu 28, namba 4, choki (kibano cha mdomo wa mtutu) ya Improved Cylinder, inayobana kidogo tu. Chuma ni chepesi kuliko risasi na hupoteza kasi mapema, ndiyo maana niliacha namba 6 na kupanda saizi mbili hadi namba 4 (namba ikipungua, kipira ni kikubwa zaidi).

Nimepima kwenye karatasi kwa mita 27. Duara la sentimita 76 linapata takriban marisau 140 kati ya 190, yametawanyika vizuri bila mapengo. Kwa hiyo tatizo sidhani ni mtawanyiko.

Shida ni jogoo wa fezanti anayeruka akinipa mgongo, hasa kuanzia mita 30. Anaanguka bawa limevunjika lakini miguu mizima, kisha anakimbilia kwenye matete. Mbwa humfuata, ila upepo ukiwa mkavu hupoteza harufu. Ndege aliyejeruhiwa na kupotea ananiuma sana, na naona ni wajibu wangu kulimaliza hili kabla msimu haujafunguliwa Oktoba.

Je, nipande hadi namba 3 au 2 na kubaki na choki hii, au nibaki na namba 4 na kufunga choki ya Modified, inayobana zaidi? Na aliyetumia marisau ya bismathi (metali nzito kuliko chuma) kwa jogoo anayekupa mgongo: inapenya kiasi cha kustahili bei yake?