Nimeambiwa ninunulie mahindi yangu vidonge vya kabatini

Assalaam aleikum. Nimetoka barazani sasa hivi, kahawa sikuimaliza. Yule mjuzi wetu, ambaye hana haja ya kutajwa kwa kuwa baina ya Konde na Chake Chake hakuna ambaye hajafundishwa naye jambo asilolijua mwenyewe, amemtazama nondo niliyemtia chupani, akacheka mbele ya watu wazima, akasema: "Huyu ni nondo wa kula kanga. Nunua vidonge vya kabatini."

Vidonge vya kabatini, vile vya kulinda nguo na nondo! Shamba langu lina milango na vioo?

Nondo ni wa kijivu, mwenye doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, kama alivyo dume la kiwavijeshi vamizi, yule ambaye viwavi wake hula mahindi. Kiwavi nilimtoa alfajiri ndani ya moyo wa mmea, chini ya kinyesi kilicholowa kama unga wa mbao. Usoni ana herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba kama miguu ya kitanda. Mdudu huyu ametoka bara la Amerika, akagunduliwa Afrika mwaka 2016, mwaka uliofuata akawa Tanzania. Bwana mkubwa bado anamtafuta kabatini.

Mwana wa Ole: Pole, ndugu yangu. Lakini ni nani anayekwenda kunywa kahawa na nondo chupani?

Bi Mkulima: Mimi aliniambia ni wale viwavijeshi weusi wanaotembea kwa makundi, nisubiri watapita. Nilisubiri mpaka wakala mbelewele. Tafuteni mayai kwenye majani, yamefunikwa manyoya kama ukungu, muyaponde kwa vidole.

Jirani wa Wete: Ulipoambiwa vidonge vya kabatini, ulijibu nini?

Mwenye uzi: Sikujibu neno. Nilichukua chupa yangu nikaondoka, na watoto wakanifuata njia nzima wakiniuliza kama nimeshapiga pasi mahindi.

Mwana wa Ole: Hapo watoto wamekushinda. Hata hivyo mshukuru Mungu, kwani sisi huku tuna tumbili, na tumbili huvunja bunzi kumi ili ale moja.

Bi Mkulima: Tumbili afadhali, hufukuzika. Kunguru wamefukua mbegu zangu zote, kisha wakachukua na vifaranga.

Jirani wa Wete: Vifaranga wangapi? Kwangu wamechukua sita tangu Ijumaa.

Bi Mkulima: Wanne, na wa tano yumo jikoni na bawa moja. Kuna mwenye mtego wa kuazima?